Meno ya Nyegere

Unywele ulikuwa mmoja tu, mrefu kama kidole, mweupe pe, nao ulikuwa umenasa katika kola ya koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Wifi wa mwenye koti aliuchomoa kwa kucha mbili, akaupeleka dirishani, akaugeuzageuza kwenye mwanga kama sonara aliyeletewa dhahabu asiyoiamini.

"Wifi," alisema kwa ile sauti yake ya kuchovya sindano kwenye asali, "humu ndani hamfugi mbwa, hamfugi paka. Kaka yangu kichwa chake cheusi tii kama chungu. Wewe pia mvi bado hazijakubishia hodi. Sasa hii mvi ya nani?"

Mwenye koti alikuwa jikoni akisuuza vikombe. Hakugeuka.

"Ya kazini hiyo. Tunang'arishia meno kwa burashi za manyoya ya mbuzi. Yanaruka."

"Mbuzi!" alisema wifi. "Haya. Mbuzi mzee, basi."

Jibu lile lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Maabarani zilikuwamo burashi za manyoya ya mbuzi, na manyoya yake yaliruka kweli. Ila unywele ule haukuwa wa mbuzi, na aliyejibu alilijua hilo vizuri. Wala si uongo wenyewe uliomkosesha raha, bali wepesi wake: ulikuwa mdomoni tayari, umeshachongwa na kung'arishwa, ukisubiri kuulizwa tu.

Alikuwa fundi wa meno bandia. Daktari wa meno, aliyekuwa na chumba chake mbele, alimletea vipimo vya vinywa vya watu. Yeye, katika chumba cha nyuma chenye meza ndefu na vumbi la plasta, alivigeuza kuwa taya, akapanga meno juu ya nta, akayapeleka yajaribiwe, kisha akayamalizia. Katika kazi hiyo alikuwa na mwiko mmoja: hakutengeneza meno yaliyonyooka mno. Meno yasiyo na dosari, aliamini, humsaliti mwenyewe hata kabla hajafungua kinywa vizuri. Kwa hiyo kila seti aliitia alama za mwenyewe. Mtu aliyetafunia upande wa kulia, alimsagia kidogo upande wa kulia. Aliyekuwa na pengo dogo tangu utotoni, alirudishiwa pengo lake. Wagonjwa walipojitazama kwenye kioo walisema, "Ah, ni mimi," bila kujua ni nini hasa kilichowafanya waseme hivyo.

Kazi hiyo ilikuwa imemfunza kushuku. Mtu husema hasagi meno usingizini, plasta ikasema anasaga. Husema jino lilivunjika kwa kula mfupa, na mvunjiko ukaonyesha kuwa halikuwa mfupa, ilikuwa ngumi. Alizoea kuyaamini meno kuliko maneno, na baada ya miaka mingi tabia hiyo ilimfuata hadi nyumbani, na mwisho ikamgeukia yeye mwenyewe.

Mambo yalianza siku karani mmoja wa mahakama, mwanamke mchangamfu, alipoingia chumba cha nyuma na mfuko mkubwa na kutoa ndani yake kichwa cha mbweha. Kilikuwa cha sponji na manyoya ya bandia, rangi ya kutu, macho makubwa ya upole, na kinywa kitupu.

"Fundi, samahani, najua utanicheka. Kinahitaji meno. Ya plastiki ya dukani yanafanana na kitana."

Fundi hakucheka. Alikipokea kile kichwa kwa mikono miwili, akaingiza kidole gumba mdomoni, akapapasa taya. Kisha akauliza swali ambalo hata yeye lilimshangaza:

"Huyu anapenda kula nini?"

Karani alimtazama kwa muda. "Watu huuliza ni cha nini," alisema. "Wewe wa kwanza kuuliza hilo."

Hapo ndipo aliposikia habari za Wenye Manyoya, wale ambao mitandaoni huitwa mafuri: watu wanaowapenda wanyama wa kubuni, wenye kutembea kwa miguu miwili, kusema na kuvaa kama binadamu, huwachora, huwatungia maisha, na baadhi yao hujishonea vichwa vyao na kuvivaa. Karani alikuwa Mbweha. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo ulio juu ya duka la samani. Meno yalipokamilika, alimkaribisha fundi aje aone yanavyokaa.

Alikwenda, lakini kwa miguu ya mpelelezi. Mitandaoni alikuwa amesoma kuwa watu hao hujidhani wanyama, na mengine mabaya kuliko hayo. Alichokiona ukumbini ni vichwa vilivyopangwa mezani kando ya chupa za maji, vikipunga hewa kwa feni ndogo zilizofichwa ndani, na watu waliolowa jasho wakibishana juu ya gundi. Kindi alikuwa mwalimu wa hesabu. Bundi alikuwa fundi wa magari na kucha zake zilikuwa na grisi. Hakuna aliyebweka. Ukawaida ule ulizidi kumtia shaka, kwa kuwa katika kazi yake kinywa safi kupita kiasi ndicho kilichokuwa na la kuficha.

"Na wewe ni nani?" Bundi alimuuliza.

"Mimi? Mimi fundi wa meno tu."

"Sawa, sawa," alisema Bundi kwa upole. "Hatumlazimishi mtu."

Hata muuza mitumba husema halazimishi mtu, aliwaza fundi, huku mkono wake ukiwa umeshakushika begani.

Hata hivyo alirudi. Walikuwa na desturi yao: mgeni aliruhusiwa kuja mara chache tu, kwa sababu huko nyuma walikuja wageni wa kuchungulia, wakapiga picha za siri na kuzisambaza, na mwalimu wa hesabu nusura apoteze kazi. Mbweha alimweleza hivyo ngazini, bila ukali, akikwepa kumtazama.

"Ukija tena, uje kama mmoja wetu. Ama usije, dada. Si kwamba hatukupendi. Ni kwamba tumeshaumwa."

Basi fundi alirudi nyumbani na swali ambalo halikuwa na plasta ya kulipima. Je, alikuwa mmoja wao?

Alijua, na hakuna mwingine aliyejua, kwamba tangu utotoni alikuwa na nyegere. Si nyegere wa porini; huyo hakuwahi kumwona ila kwenye kitabu cha shule, mnyama mfupi mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi, asiyemwogopa hata simba. Nyegere wake alivaa miwani na koti refu, na alikuwa na jibu kwa kila mtu. Mwalimu alipomdhalilisha mbele ya darasa, yeye alinyamaza, Nyegere akajibu. Mama mkwe alipouliza wajukuu wamechelewa wapi, yeye alitabasamu, Nyegere akajibu, na jibu lilikuwa kali hata akalazimika kwenda kuchota maji asije akacheka. Hadi leo, kwenye kitako cha kila taya ya plasta, kabla ya kuitupa, alimchora kwa penseli.

Lakini je, hilo latosha? Wapweke wangapi hujitungia rafiki? Huenda alitamani tu ukumbi wenye watu wasiomuuliza habari za wajukuu, na jina la furi likawa kama tiketi ya mlangoni. Huenda Mbweha alimnusa udhaifu wake mapema, akamvuta. Alijihoji hivyo akikata nta na akimenya vitunguu, na kila jibu alilojipa alilipeleka kortini tena.

Wakati huohuo, mikono yake haikungoja hukumu. Ilikuwa imeshanunua sponji. Ilikuwa imeshakata manyoya meupe na meusi. Mtu akimuuliza, alipanga kusema ni kichwa cha mfano, cha kuwaonyesha wateja wa aina ya Mbweha. Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, alijiambia hivyo yeye mwenyewe, akajiamini. Alikishona adhuhuri wenzake wakienda kula, akakiweka nyumbani kabatini, chini ya blanketi za wageni.

Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu mtulivu mwenye desturi ya kupima kila mstari kutoka ncha zote mbili. Mstari usiolingana, alisema, hauna haja ya kugombezwa. Rudia tu kutoka upande wa pili, utakuonyesha mwenyewe ulipokosea. Nyumbani aliuliza maswali kwa namna hiyohiyo.

"Jumamosi unaingia kazini?" aliuliza katikati ya wiki.

"Naingia."

Na Jumapili, akifunga kamba za viatu: "Jana mlikuwa wengi pale kazini?"

"Kama kawaida."

"Aha," alisema mume, akaendelea kufunga kamba. Daktari hakufungua Jumamosi alasiri, na mpima ardhi alipita mtaa ule.

Tangu hapo mzee wa kubuni, mwenye ile mvi, aliingia ndani ya nyumba yao na kukaa. Wifi alimwita Babu. "Babu hajambo?" aliuliza fundi alipochelewa. "Babu naye ana roho, kukuacha urudi na mvua hii!" Na kaka yake alipojaribu kumnyamazisha, alimgeukia: "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Mimi nimeuona nguoni kabisa, kwenye kola."

Mume hakucheka. Siku moja alisema, kana kwamba anazungumza na sahani yake, kuwa ile kazi ya kupima mashamba kule mbali, aliyoikataa ili asimwache mkewe peke yake mwaka mzima, bado ilikuwa wazi.

"Wananitaka jibu wiki hii. Nimekuuliza mara ya kwanza, nimekuuliza mara ya pili. Mara ya tatu sitauliza. Nitafunga mizigo."

Fundi alifungua kinywa. Angemwambia nini? Kwamba hakuna mwanamume, yupo nyegere? Neno lenyewe hakuwa amelikubali bado, angewezaje kulikiri? Alifunga kinywa, na Nyegere, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, hakuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa sebuleni akifunga vifungo vya koti, hajui bado anakwenda wapi, wifi alipotokea chumbani na kitu kifuani pake, kimefunikwa blanketi la wageni. Alikiweka juu ya meza ya chakula, katikati ya kaka na wifi yake, akavuta blanketi kama mtu anayezindua sanamu.

"Kaka," alisema, "Babu mwenyewe huyu hapa."

Kichwa cha nyegere kiliwatazama kwa miwani yake. Kisogo chake kilikuwa cheupe pe. Wifi aliweka kando yake ule unywele aliokuwa ameutunza kwenye karatasi; vikafanana kama mtoto na mama.

"Ni kazi ya mteja," alisema fundi haraka. "Cha mfano. Wateja wangu wengine…"

"Mteja mbuzi?" aliuliza wifi.

Mume alikivuta kile kichwa, akakiinua hadi usawa wa macho yake, akakitazama kwanza kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Aliingiza kidole gumba mdomoni, akafungua taya. Meno yalikuwa ya rangi ya maziwa yaliyokaa, si meupe ya dukani. Alipitisha kidole taratibu, jino baada ya jino, na alipofika kwenye chonge la juu, upande wa kushoto, kidole kilisimama.

"Mteja wako," alisema, "anatafunia kushoto."

"Ehe?" alisema mkewe.

"Huku kumesagika. Kulia bado. Na hili chonge limemeguka, hivi, kwa mshazari." Alimtazama mkewe usoni. "Siku ya harusi yetu hapakuwa na kifunguzi cha soda. Nikakuambia ngoja nikatafute. Hukungoja. Ukang'ata kifuniko."

Fundi aliinua ulimi, bila kutaka, hadi kwenye chonge lake la juu upande wa kushoto. Lilikuwa pale, limemeguka kwa mshazari, vilevile lilivyokuwa miaka yote hiyo. Watu walimtania kwamba anatengeneza meno ya mji mzima na lake limemshinda, naye aliwajibu kuwa kinyozi hajinyoi. Kumbe methali ile ina mkia wake, naye alikuwa ameusahau: na akijinyoa, hujikata. Hakukumbuka kabisa kulisaga lile chonge la nyegere. Mikono ilifanya ilivyozoea. Ilitia alama za mwenyewe. Yeye alikuwa bado anashuku, ilhali mikono ilikwisha kujua mwenyewe ni nani.

"Hakuna mteja," alisema.

"Najua," alisema mume.

"Hakuna Babu pia. Ni mimi."

Akawaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: ukumbi, feni, mwalimu wa hesabu, Nyegere wa utotoni na majibu yake. Wifi alisikiliza huku amekunja mikono, macho yakimtoka.

"Kwa hiyo wewe, wifi yangu, mtu mzima na kazi yako, unajiona mnyama?"

"Hapana. Najijua mtu."

"Sasa?"

"Sasa kuna mtu na kuna anavyojisimulia. Mimi najisimulia hivi."

"Na hao wenzako hawana neno? Hawakutaki kitu?"

"Hilo hata mimi nimelishuku," alisema fundi. "Nimewashuku wao, nikajishuku mwenyewe. Nimechoka, wifi."

Mume alikirudisha kichwa mezani polepole. Uso wake haukuwa na nafuu ambayo mkewe alikuwa ameitarajia.

"Afadhali ungesema mwanamume," alisema. "Mwanamume ningemjua. Ningejua nigombane na nani. Huyu umekaa naye tangu mtoto, na mimi nimelala pembeni yako miaka yote hii sikupewa hata salamu yake."

Lilikuwa neno la haki, na fundi hakulipinga. Alivuta kiti, akaketi mbele yake. Alifikiri juu ya meno mapya, jinsi mgonjwa anavyoyavaa mara ya kwanza na kulia kuwa si yake, yamejaa mdomoni, yanamfanya aseme kama mgeni. Fundi mzuri hashtuki. Ugeni wa siku ya kwanza si ushahidi. Kila jino la kweli pia lilikuwa geni siku lilipoota. Humwambia mgonjwa aseme neno, arudie, huku yeye akisikiliza kama hewa inapita penginepo, kama kuna mahali panapokwaruza. Kidonda ndicho ushahidi.

"Mimi ni furi," alisema kwa sauti.

Neno lilikuwa nene mdomoni. Alihisi aibu ikimpanda shingoni, akangoja maumivu. Aibu ilipita. Maumivu hayakuja.

"Sema tena," alisema mume.

"Mimi ni furi. Na nilikuficha, nikakudanganya, na hapo ndipo nilipokosea."

Mume alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona namba mbili zinakaribiana ila bado hazijalingana. "Huo ukumbi uko wapi?"

"Juu ya duka la samani."

"Vaa viatu."

"Unataka kunifanya nini?"

"Nataka kuona ncha ya pili."

Wifi hakukubali kubaki. Alisema nyumba ikiachwa na mtu mmoja huzaa fitina, jambo ambalo hakuna aliyepata nguvu ya kulijibu, akapanda kiti cha nyuma. Fundi alikaa mbele na Nyegere mapajani. Njiani wifi alinyoosha mkono na kuligusa shavu la yule mnyama kwa kidole kimoja.

"Laini," alisema kwa chuki.

"Wifi," alisema fundi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya zamani sana, hakuwahi kuisikia nje ya kichwa chake, "ukimchomoa unywele mwingine, atakung'ata. Chonge moja tu limemeguka, mengine mazima."

Kisha mpima ardhi, macho barabarani, akatoa kicheko kifupi puani, na papo hapo akakimeza.

Walisimama mbele ya duka la samani. Mume hakuzima gari.

"Nitakaa hapa," alisema.

"Hutapanda?"

"Leo sipandi. Wale jamaa wa mashamba nitawapigia simu nikishajua niwaambie nini."

Fundi alishuka. Ngazi ilikuwa nje ya jengo, ya chuma, na mlango wa ukumbi ulionekana waziwazi kutoka barabarani. Alipanda akikumbatia kichwa chake cha pili. Katikati ya ngazi alisikia kioo cha gari kikiteremshwa, akajua bila kugeuka kuwa mumewe anataka kusikia. Bundi alifungua mlango, akamwona, akaona alichobeba, lakini hakusogea. Macho yake yalikwenda hadi kwenye gari lililokuwa likinguruma chini, yakarudi kwa wasiwasi wa mtu aliyewahi kupigwa picha.

"Wale ni nani?" aliuliza.

"Mume wangu na wifi yangu. Wananishuku. Wana haki yao."

"Na wewe," alisema Bundi, akiwa bado ameziba mlango, "wewe ni nani?"

Angeweza kumjibu kwa kunong'ona. Walikuwa uso kwa uso. Lakini alivuta pumzi, akajibu kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ndani ya gari, barabarani, injini ikiwaka.

"Nyegere," alisema. "Mmoja wenu."

Chini, injini ilizimwa.